Nani Kasema Lamu Ni ya Wazungu?

Mwambie mtu wa Kotile kwamba wiki ijayo unakwenda Lamu. Swali lake la kwanza litakuwa, "Nani mgonjwa?" Ukisema hakuna, atauliza kama kuna msiba, au harusi, au kesi, au karatasi za ardhi. Ukizikana zote, ukamwambia unakwenda kuutembelea mji tu, ulale siku mbili, uone ngome na misikiti ya kale kisha urudi kwa watoto, atakutazama kwa huruma. "Adeer," atasema, "kuta za watu una kazi gani nazo?"

Wazo lililo nyuma ya swali hilo limeenea Kotile, Masalani, Ijara na hata Garissa mjini, wala halishikiliwi na wasiosoma peke yao. Walimu wanalo, wafanyakazi wa kaunti wanalo, vijana waliotoka chuoni juzi wanalo. Kwa ufupi linasema hivi: mtu husafiri kwa dharura. Kusafiri ili kuona ni mchezo wa mzungu mwenye kamera na wa tajiri wa Nairobi. Mji wa kale haumfai mfugaji kitu, na kwa hali yetu ya ukame, barabara mbovu na usalama wa wasiwasi, kuutolea pesa ni israfu. Wazo hili linasemwa kwa sauti ya busara, na ndiyo maana halipingwi. Mimi nalipinga lote, na kwanza napinga dai kwamba ni la wazee wetu.

Wazee wetu hawakuwa watu wa kukaa. Kabla ya kuhamisha mifugo walituma sahan, watu waliokwenda mwendo wa siku nyingi kwa kazi moja tu: kuona. Kuona nchi, kuona maji, kuona majirani wana hali gani, kisha kurudi na kusimulia. Aliyerudi na habari nyingi aliheshimiwa kuliko aliyebaki kulinda zizi. Anayesema desturi ya Msomali au ya Mworma ni kutotoka bila shida, desturi hiyo ameitoa wapi?

Nitamwambia alipoitoa. Ameitoa kwenye sheria. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoipa mamlaka ya kulifunga eneo na kumzuia mtu kuingia au kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalumu iliyokaza zaidi. Uhuru ulipofika, wiki chache tu baadaye eneo la kaskazini mashariki likawekwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta, na kanuni za mwaka 1966 zikazijumuisha pia wilaya jirani: Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Tazama orodha hiyo vizuri. Kotile yetu ya kaskazini mashariki na Lamu zilifungwa kwa kamba moja. Hali hiyo iliondolewa mwaka 1991, yaani watu wenye umri wa miaka 50 leo walizaliwa na kukua ndani yake. Katikati hapo, mwaka 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni wahakikiwe uraia wao na kupewa kadi ya ziada juu ya kitambulisho. Na ukaguzi wa pekee kwa anayeomba kitambulisho Kaskazini Mashariki uliendelea mpaka ulipofutwa mwaka 2025.

Katika hali kama hiyo, mzazi mwenye akili alimfundisha mwanawe nini? Alimwambia usitoke bila sababu utakayomweleza askari kizuizini. "Nakwenda hospitali" ni sababu. "Nakwenda mazishini" ni sababu. "Nakwenda kuona mji" si sababu, ni shaka. Basi swali la "Nani mgonjwa?" ni mwangwi wa kizuizi cha barabarani. Sheria imefutwa, lakini sisi wenyewe tumebaki tukiitekeleza juu ya watoto wetu, bila mshahara.

Wapo watu wengine waliowahi kutawaliwa kwa vibali, nao walifanya kinyume chetu. Nchi ya Poland ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795, ikagawanywa na dola tatu jirani, na haikurudi mpaka 1918. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Wapoland hawakuwa na serikali wala jeshi lao, lakini walikuwa na mji wa kale wa Kraków, na ndani yake kilima cha Wawel chenye makaburi ya wafalme wao. Waliutembelea mji huo, wakazitazama kuta na makaburi, wakarudi makwao wakiwa na hakika kwamba wao ni watu wenye historia. Baadaye, Wajerumani walipouharibu mji wa kale wa Warsaw mwaka 1944, wenyeji waliujenga upya ukuta kwa ukuta, wakiwa maskini waliotoka vitani, na mwaka 1980 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Leo mgeni akifika Kraków kwa mapumziko ya siku mbili, atapishana mlangoni na makundi ya wanafunzi wa Poland walioletwa na walimu wao. Mji wa kale kwanza ni wa wenyewe, mgeni huja baadaye. Ni sisi tu tulioupindua mpango huo, tukamwachia mgeni mlango wa mbele.

Atakuja mtu aseme, sawa, Wapoland walikuwa na Kraków yao, lakini Lamu si yetu, ni ya Waswahili. Hoja hii husemwa kwa wepesi na mtu ambaye hajawahi kuuliza Lamu ilikula nini. Kisiwa kile hakina malisho ya kutosha wala mashamba makubwa. Kilikula kutoka bara: nafaka ya bonde la Tana, ng'ombe na siagi ya wafugaji, boriti za mikoko, asali ya Waboni. Wabajuni wa visiwa vya kaskazini wana damu na lugha iliyochanganyika na ya Wasomali kwa karne nyingi. Ukitoka kwetu kwenda Lamu utapita Witu, ambako Sultani Ahmed, aliyejulikana kama Simba, alijenga dola yake ndani ya msitu baada ya kukimbia mkono wa Zanzibar, akawakaribisha watoro na watu wa kila kabila, akajiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885, na mji wake ukachomwa na Waingereza Oktoba 1890. Karibu na hapo, Kipini na Ozi, ndiko masimulizi yanakomweka shujaa Fumo Liyongo kaburini. Mto unaomwaga maji yake huko ni huu huu Tana tunaonywesha mifugo.

Na kama kabila halitoshi, dini itatosha. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, pale mtaani Langoni, ulianza mwanzoni mwa karne iliyopita kwa juhudi za Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija. Alikaa upande wa mji wa watu wasio na jina, akawafundisha waliokuwa watumwa na wageni kutoka bara, jambo ambalo wakubwa wa mji hawakulifurahia. Mpaka leo wanafunzi hufika Riyadha kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, na Maulidi ya mfungo sita huujaza mji mpaka watu wanalala vibarazani. Mtu wa Kotile anayesema Lamu haimhusu, basi na aseme pia kwamba elimu iliyofika katika madrasa nyingi za pwani na mtoni haimhusu. Isitoshe, Qurani yenyewe inarudia mara kwa mara kuwaamuru watu watembee katika nchi wautazame mwisho wa waliotangulia. Haikuweka sharti la ugonjwa.

Sasa tuje kwa yule anayesema hakuna cha kuona, ni mawe tu. Huyu hajafundishwa kutazama, na hilo si kosa lake, lakini asiligeuze kuwa hoja. Ingia nyumba moja ya kale ya mtaa wa Mkomani, hasa ile ambayo Makavazi ya Taifa yameihifadhi kama makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Utapita dakani, palipo na viti vya mawe vya kumkalisha mgeni asiyeruhusiwa ndani. Utaona vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na utajiuliza kwa nini fundi hakuvipanua. Angalia juu: dari limelazwa juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu ambao boriti inaweza kubeba mzigo wa matumbawe na chokaa. Mti wa msituni ndio uliompangia fundi nyumba yake. Kila unavyokwenda ndani ndivyo sakafu inavyoinuka kidogo na chumba kinavyozidi kuwa cha faragha, mpaka ukuta wa mwisho wenye vidaka safu kwa safu, vilivyochongwa kwa plasta, vya kuwekea vyombo na vitabu. Mfugaji anayejua jinsi aqal ya mamake inavyofungwa kwa vijiti vilivyopindwa, na kwa nini kitanda cha mwenye nyumba kinakaa pale kinapokaa, ataielewa nyumba hii upesi kuliko mtalii yeyote wa Ulaya. Anajua tayari kwamba nyumba hupangwa na kilichopo porini na heshima ya wenyewe.

Toka hapo uende ngomeni. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Mazrui na Wapate katika vita vya Shela na kuomba ulinzi wa Oman. Baadaye ikawa jela mpaka mwaka 1984. Jengo moja limekuwa ulinzi, likawa kifungo, sasa ni mahali pa kusoma na kutazama vitu. Sisi tuliokaa chini ya hali ya hatari miaka ile yote tungepaswa kuwa wa kwanza kusimama katika uwanja ule na kuuliza maswali. Katika makumbusho ya ufukweni kuna siwa, baragumu la pembe ya ndovu la Pate, lililopigwa wakati wa mambo makubwa ya mji. Uliza ndovu walitoka wapi. Walitoka bara, kwetu.

Hoja ya pesa ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayetumia picha za hoteli za Shela kupima gharama amekwisha kushindwa kabla hajaondoka. Lamu mjini kuna gesti za kawaida ambako wafanyabiashara na wanafunzi hulala. Chakula cha mtaani, mkate wa mofa, samaki, maharage ya nazi, ni cha bei ambayo mtu wa Masalani anaizoea. Makavazi ya Taifa humtoza mwananchi kiingilio cha chini mno kwa kulinganisha na mgeni wa nje. Mji wa kale hauna magari barabarani, ni miguu na punda, kwa hiyo hutapanda teksi. Mtu akisafiri kwa adabu, siku mbili zitamgharimu kitu kama thamani ya mbuzi wawili. Harusi zetu zinachinja wangapi? Na akina mama wanaochanga ayuuto kila mwezi kununua vyombo wana uwezo wa kuiweka zamu moja kwa mwaka kuwa ya safari. Wakienda kumi, gharama ya boti la kukodi inagawanyika mara kumi.

Nimewataja akina mama kwa makusudi. Wanaume wetu angalau hupata kisingizio cha soko la mifugo Garissa au Garsen. Mwanamke wa Kotile anaijua barabara ya hospitali tu. Anasafiri akiwa na uchungu au akimbeba mwenye homa. Wazo kwamba safari ni ya dharura linamnyima yeye kuliko mtu mwingine yeyote, na husemwa zaidi na wanaume.

Kuna wanaojibu kwa uchungu wa kweli: tupewe maji kwanza, tupewe barabara na daktari, hayo ya ngome yatakuja. Nawaheshimu, lakini hesabu yao haiendi. Hakuna kisima kilichochimbwa Ijara kwa pesa za mtu aliyeahirisha kwenda Lamu. Maji na barabara ni deni la serikali, tumelidai na tutaendelea kulidai. Matembezi ni haki ya mtu mwenyewe kwa pesa yake mwenyewe. Anayeifunga haki ya pili mpaka ya kwanza ilipwe, anaipa serikali iliyotuchelewesha nafasi ya kutupangia hata furaha zetu. Na mtu aliyeona mji wenye mifereji ya maji machafu ya karne zilizopita, visima misikitini na kuta zilizohifadhiwa kwa sheria, atarudi na maswali makali zaidi kwa mwakilishi wa wadi.

Inabaki hoja ya usalama, na hii ni nzito, haifai kupuuzwa. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na maeneo ya jirani, kafyu ikawekwa, na mwaka uliofuata operesheni ya kijeshi ikaanza katika msitu wa Boni. Mabasi ya Lamu yamewahi kusindikizwa na polisi. Mtu asikudanganye kwamba ni barabara ya kupitia usiku ukiimba. Lakini angalia jinsi hoja hii inavyotumika. Mfanyabiashara anapita. Mgonjwa anapita. Gari la harusi linapita likipiga honi. Hoja ya usalama haisikiki siku ya mazishi, inasikika siku ya matembezi tu. Kama barabara haipitiki, basi isipitike kwa wote. Kama inapitika kwa tahadhari, basi na mtembezi achukue tahadhari ile ile: asafiri mchana, aulize hali ya njia kabla ya kufunga mkoba, asikate njia za mkato za msituni, atembee na kitambulisho. Tena safari ya matembezi ina faida ambayo ya mgonjwa haina. Inaweza kuahirishwa. Ukiambiwa wiki hii si nzuri, unakaa nyumbani, hakuna aliyekufa.

Mwisho wapo wale wanaosema siku mbili hazitoshi, bora usiende kabisa. Hawa hawapingi safari, wanaikwepa. Siku mbili zinatosha kwa anayejua anachokitaka. Kwanza chagua msimu. Wakati wa mvua za gu' na deyr udongo wetu mweusi humeza magari, na hakuna mpango utakaoshinda tope. Ngoja njia ikauke. Ondoka Alhamisi alfajiri, vuka mto, shika barabara mpaka Minjila, ugeukie Garsen na Witu mpaka Mokowe. Lami ya Lamu imeifanya sehemu hiyo kuwa ya saa chache, wakati zamani ilikuwa ya kulala njiani. Pale Mokowe panda boti la abiria pamoja na watu wengine, usikubali kukodishiwa peke yako kwa kuwa umeonekana mgeni. Jioni hiyo usikimbilie popote: tembea njia kuu kutoka Mkomani hadi Langoni, kaa kwenye uwanja mbele ya ngome, wasikilize wazee. Ijumaa asubuhi nenda makumbusho na nyumba ya kale mapema, maana adhuhuri mji wote unakwenda msikitini, nawe swali Riyadha. Alasiri ingia ngomeni. Ukipata siku ya ziada, vuka kwenda Takwa, mji uliohamwa kisiwani Manda katika karne ya 17, lakini muulize nahodha saa za maji kujaa, kwa sababu maji yakitoka boti haliingii kwenye mkondo wa mikoko. Vinginevyo Jumamosi asubuhi rudi nyumbani. Hutakuwa umeiona Lamu yote. Hakuna aliyeiona yote, hata wanaoishi humo.

Na wale wanaotaka watalii waletwe kwetu badala ya sisi kwenda kwa wengine, nawauliza: watawapokeaje? Hapa jirani tunayo hifadhi ya Ishaqbini, ambako mwaka 2012 hirola 48, aina ya swala, waliwekwa ndani ya uzio ili wazaane salama. Duniani wamebaki mamia machache tu, karibu wote katika nchi hii yetu. Ni watu wangapi wa Kotile wamewahi kwenda kuwatazama hirola kama wageni, wakakaa kimya na kuangalia, bila mifugo na bila kazi? Mtu ambaye hajawahi kuwa mgeni wa mji wa wengine hajui mgeni anahitaji maji saa ngapi, anataka kuelezwa nini, anachukizwa na nini. Utalii hauanzi na hoteli. Unaanza na wenyeji wanaojua thamani ya kutazama.

Jambo hili lina haraka. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021, na mradi wa LAPSSET umepanga barabara ya kuiunganisha na Ijara na Garissa. Lori za mizigo zitakapozoea njia hiyo, Lamu itakuwa soko letu, mahakama ya mikataba yetu na mlango wa mifugo yetu kwenda ng'ambo. Atakayefika huko kwa mara ya kwanza akiwa na ng'ombe wa kuuza na haraka ya kurudi, atauziwa mji na madalali. Aliyekwisha kuutembea kwa starehe, akajua mitaa yake na adabu ya watu wake, atauza kwa bei yake.

Basi kwa walimu wakuu wa shule za Ijara: mkiandika mpango wa mwaka, wekeni safari moja ya Lamu, na msiwape wenye alama za juu peke yao. Kwa vikundi vya akina mama: wekeni zamu. Kwa masheikh: semeni msikitini kwamba kutembea na kuzingatia si upuuzi. Na kwako unayesoma, msimu ukikauka, nenda. Ukiulizwa nani mgonjwa, sema wote wazima, alhamdulillahi, na ndiyo sababu ya kwenda.